Tulimuaga, Akabaki

Katekista alichelewa kila mahali isipokuwa kwa wafu. Ibada ya saa nne aliianza saa tano kasorobo, bado anahangaika na kifungo cha shingoni. Maharusi walimngoja mpaka wakalowa jasho. Sisi akina mama tulikuwa tunamaliza chai na mkutano wenyewe ndipo tunasikia gambuti zake zikisaga changarawe nje. Lakini mtu akizama ziwani, kabla mwenye boti hajamaliza kueleza, ukigeuka unamkuta Katekista amekwisha fika, amesimama, mikono nyuma, anatazama maji.

Nilimjua tangu nina mtoto mgongoni, na sasa nina wajukuu wanaonipita kwa urefu. Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Watu wa kwetu wakitaka kumweleza mtu wanaanzia kwa babu yake, na wakifika kwake mwenyewe kila mtu amesinzia. Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika nilichoona. Jina lake nalo naliacha, maana hata sisi hatukulitumia. Alikuwa Katekista. Marehemu mke wake mwenyewe alimwita hivyo: Katekista, chakula kinapoa.

Tumemzika mwaka huu. Watu wanne walisimama kumsifu, na wote wanne walisema jambo moja, kwamba mtumishi huyu aliitwa kwenda ng'ambo kuhubiri Injili, akaiacha safari kwa ajili ya msiba wa jirani. Jirani huyo ni mimi. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikanyamaza. Wengine waligeuka kunitazama, na macho yao hayakuwa ya sifa. Kwa miaka mingi hapa Dunga imesemwa kwamba mimi ndiye niliyemzuia mtu wa Mungu njiani, na mimi mwenyewe niliamini hivyo. Nilitaka tu kujua kama ni kweli, na kama ni kweli nimlilie nani.

Kwa asiyejua kazi yake: kanisa letu ni dogo, la mabati, juu kidogo ya ufuo wa Dunga hapa Kisumu. Padre ana makanisa mengi, kwetu hufika Jumapili moja kwa mwezi. Jumapili zile nyingine, na siku zote za katikati, ugomvi wa ndoa, watoto wa ubatizo, wagonjwa, mazishi, vyote ni vya katekista. Yeye si padre. Ni mtu wa hapa hapa aliyefundishwa kidogo akaambiwa awashike wenzake. Wa kwetu alitushika. Alikuwa mwembamba, mrefu, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake, hata wazee wa nyuma walikuwa wanamwambia katikati ya mahubiri, ongeza, Katekista, ongeza.

Alihubiri kwa Kijaluo lakini akasoma Biblia ya Kiswahili, kwa sababu ile ya Kijaluo mchwa walikuwa wamekula kuanzia Warumi mpaka Waebrania. Tulimwambia aombe nyingine kwa padre. Alisema mchwa nao wana njaa ya neno. Mzaha wake ulikuwa wa namna hiyo, anausema bila kucheka, na wewe unacheka ukiwa umefika nyumbani.

Neno alilolipenda lilikuwa moja: Enendeni. Mahubiri yakianzia kwa Nuhu yaliishia Enendeni. Yakianzia kwa mwanamke mjane yaliishia Enendeni. Nyuma ya meza ya Bwana alichora ukutani ramani ya Afrika kwa rangi iliyobaki kwenye boti za wavuvi, na ziwa letu akalichora kubwa kuliko Misri. Watoto wa Jumapili walipanga foleni mbele ya ramani ile, kila mmoja anaweka kidole mahali, na Katekista anamwambia, hapo kuna watu, enda. Mjukuu wangu mmoja aliweka kidole jangwani. Akaambiwa, hapo pia kuna watu, lakini beba maji.

Sasa mtu huyu wa Enendeni, yeye mwenyewe alikuwa haendi popote. Hilo lilikuwa wazi kama mchana na hakuna aliyeliona. Aliitwa mara moja kwenye semina kule Sondu, si mbali, njia ya lami. Alitapika tangu tulipoondoka mpaka tulipofika, na jioni hiyo hiyo alidandia lori la viazi akarudi, akatuacha sisi tuliokwenda naye tukimsingizia homa. Mwaka mwingine tulikwenda Usenge kuzika. Wenyeji walituwekea vitanda, wakatupikia, omena, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa kwenye nyavu kila upande kama kwetu tu, huwezi kusema ni ugenini. Tulipokuwa tunanawa mikono tukamkosa. Alikuwa amekwisha toka kwenda barabarani kusubiri gari la Kisumu. Nilimuuliza baadaye kwa nini aliwaaibisha wenye mji. Aliniambia kuku wake hawali wasipomwona.

Na maji. Katekista wa wavuvi hakuingia kwenye boti hata siku moja. Boti mpya ikitaka kubarikiwa alisimama mchangani, akachovya tawi kwenye ndoo, akarusha maji kutoka mbali, na tone moja likiiangukia boti alisema imetosha. Wavuvi walimtania sana.

"Katekista, Bwana Yesu alipanda boti akalala humo."

"Ndiyo maana yeye ni Bwana na mimi ni Katekista."

Tulicheka. Tulisema ni mtu mnyenyekevu, anapenda kwake. Mimi nina macho na ulimi mkali, kila mtu hapa atakuambia, lakini nami nilisema hivyo hivyo.

Kazi iliyomfanya awe mtu ni ile ya waliozama. Kwetu mtu akimezwa na ziwa, watu wake hawaendi nyumbani. Wanakaa ufuoni mpaka maji yamrudishe, kwa sababu hakuna matanga bila mwili, na ukiondoka ni kama umemwambia abaki huko. Siku mbili, tatu, mwili huelea. Gugu maji likiwa limefunika pwani, huweza kuwa zaidi, kwa maana mwili unakwama chini ya majani na boti za watafutaji zinapita juu yake. Siku hizo zote Katekista alikaa na wenye msiba. Hakupenda maombi marefu pale. Alivua gambuti zake akaziweka kando, akakaa chini mchangani miguu peku, akauliza aliyezama alikuwa anapenda chakula gani. Ni swali la ajabu, lakini nimeona mama aliyekuwa hasemi tangu asubuhi akianza kueleza jinsi kijana wake anavyoiba mboga kwenye sufuria, na akieleza analia, na akilia anapata kupumua. Wengine walikuja, wakatoa pole, wakarudi kwenye shughuli zao. Yeye alibaki.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa sukari. Alikuwa na kinyongo: mzee mmoja wa kanisa alimkosoa mbele ya padre, na Katekista hakumpa zamu ya kusoma Neno miaka miwili. Na alipenda kusifiwa kuhusu kuimba kwake, na hakujua kuimba.

Halafu wakaja watu wa misheni. Walikuja na Baba Askofu siku ya kipaimara, wageni watatu, na mmoja wao mzee wa makamo aliyewahi kuishi juu huko kwenye mto Naili, Sudan Kusini. Alituambia kuna watu huko ambao lugha yao na yetu ni ndugu. Akasema maji kwao ni pi, kama kwetu. Kanisa zima likaguna. Akasema wanahitaji mtu mzima, anayejua kukaa na watu wenye misiba, mwenye lugha kama hii yetu kinywani, akae huko miaka, pengine moja kwa moja. Hawataki mwenye vyeti. Alipofika hapo vichwa vyote viligeuka upande mmoja.

Baba Askofu alisema hatamlazimisha mtu. Katekista aseme mwenyewe, na kanisa lake liseme. Akatupa wiki mbili.

Lazima ueleweke moyo wetu siku zile. Maisha yetu yote sisi ndio tumeletewa. Wazungu wametuletea, watu wa Nairobi wametuletea, kila anayeshuka kwenye gari lenye vumbi anatuletea. Sasa kwa mara ya kwanza tunaambiwa ninyi wa bati moja la Dunga, ninyi wanawake mnaonuka samaki, toeni mmoja wenu mumtume. Mimi wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa akina mama, nakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa. Nilijiona nimesimama wima.

Kwenye mkutano wazee walizunguka maneno. Wengine walisema akienda nani atazika watu hapa. Wengine walisema tumwulize. Katekista alikaa pembeni anakuna goti lake. Nikasimama mimi.

"Miaka yote hii tumeambiwa Enendeni," nikasema. "Basi aende anayesema."

Watu walipiga makofi mpaka bati likaitikia. Wakacheka, wakanigonga mgongo. Katekista aliinua macho akanitazama, na hakucheka. Kisha akasema, kwa ile sauti ndogo, kwamba kama kanisa limesema, yeye ni nani. Tulichukua hayo kuwa ndiyo.

Kumuaga kulichukua Jumapili nzima. Tulienda Kibuye kwenye mitumba kumtafutia koti, kwa sababu ng'ambo ni baridi, kila mtu anajua hivyo. Tulimpata moja zito la manyoya shingoni, la kufika magotini. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza Sudan Kusini ni mahali gani. Yule mzee wa misheni alipoliona alicheka hadi akashika ukuta, akatueleza kwamba kule jua la Kisumu lingeitwa kivuli. Katekista alilivaa hivyo hivyo ibada nzima, jasho linamtiririka, maana ni zawadi.

Tukaandika pia kitambaa tukakitundika mlangoni. Aliyeandika ni mwanangu Omondi, aliyekuwa na mkono mzuri, ndiye aliyepaka majina kwenye boti za Dunga. Aliandika kwa herufi kubwa nyekundu: TUNAMWAGA KATEKISTA WETU. Sisi tuliona ni sawa. Mama Salma, Mwislamu wa mjini anayetuuzia mahamri, watu wake walitoka Pwani zamani, alileta trei za mahamri akasimama chini ya kile kitambaa akasoma mara mbili.

"Mama Omondi," akaniita, "mnammwaga? Kwani katekista wenu ni maji ya vyombo?"

Nikamwambia tunamuaga, anasafiri. Akasema andikeni basi kwa u, tunamuaga, muondoe mkosi. Omondi alicheka akasema rangi imeisha, na wanaomjua Katekista watajua. Kitambaa kikabaki hivyo. Baada ya keki padre alimsimamisha mbele kijana mwenye diploma ya theolojia, akasema huyu ndiye katekista wetu mpya, akampa funguo za kanisa. Tukawaombea wote wawili kwa maombi mamoja. Gari la kumchukua Katekista lingekuja Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Siku ya Jumatano Omondi alizama.

Sitaandika mengi. Walikuwa watatu kwenye boti, upepo ukaja na gugu likawazunguka, injini ikanyongwa na majani, boti ikalala. Wawili walishika dumu. Nilikuwa na sufuria motoni waliponiita. Nilipofika ufuoni Katekista alikuwa amekwisha vua gambuti.

Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Boti zilikwenda, zikarudi. Gugu lilikuwa limelala kama shamba, kijani, lina maua, unaweza kusema utembee juu yake. Katekista aliniuliza Omondi alipenda nini, na mimi niliyejua swali hilo, niliyeona akiwauliza wengine, bado nilimjibu kama mtoto. Nilimwambia samaki, ngege wa kuchemsha, kichwa, macho akila kwanza. Alikaa nami siku zote hizo. Hakuna aliyekumbuka safari. Mimi nilikumbuka, nikaogopa kuitaja.

Jumatatu asubuhi gari jeupe liliteremka mpaka juu ya ufuo, likapiga honi. Karani wa Baba Askofu akashuka kwa miguu, viatu vyake safi vinazama mchangani, akatoa pole kwangu, kisha akamwambia Katekista kwamba watu wanangoja, tiketi ni za leo, mizigo iko wapi. Katekista alikuwa amesimama tangu gari lilipoonekana. Ndipo nikamshika mkono. Nilimwambia:

"Ukienda sasa, nitakaa hapa na nani?"

Karani akatazama saa yake, kisha akaona aibu akaificha. Katekista alitazama gari, akatazama maji. Mwishoni akasema, "Mwambie Baba Askofu nina msiba." Gari likageuka likaenda.

Jumanne, saa mbili asubuhi, upepo ulihamisha gugu, na Omondi akaja mwenyewe mpaka kwenye mawe.

Siku moja. Hilo ndilo lililonila miaka yote. Kama ziwa lingenirudishia mwanangu siku moja mapema, Katekista angemwombea Jumatatu asubuhi, angepanda gari lile, na watu wa Naili wangempata mtu wao. Niliwaambia wanangu, niliwaambia wadogo zangu, niliisema hata kwa padre kwenye maungamo: ni siku moja tu, na katika siku hiyo nilimshika mkono.

Sifa zilimwangukia. Baba Askofu alihubiri juu yake mahali pengine, tukasikia, kuhusu mchungaji asiyeacha kondoo mmoja. Watu walikuja kumpa mkono. Nilidhani atapenda, kwa kuwa nilimjua anavyopenda kusifiwa. Lakini mtu akianza habari ile Katekista aliinuka akatoka, hata kama chai imemiminwa. Tukasema tena ni unyenyekevu. Neno hilo tulilitumia kwake kwa kila jambo tusilotaka kulichungulia.

Na kazi yake ilikuwa haipo. Funguo tulikuwa tumempa mwingine mbele ya Mungu, na katekista mpya hakuwa na kosa, alikuwa na mke na mtoto na barua. Watu wa misheni walimchukua mtu mwingine, wa upande wa Sondu, akaenda. Kwa hiyo yule wa zamani alikaa benchi la mwisho. Wageni wakija walimpita. Ramani ilipakwa rangi nyeupe kanisa lilipokarabatiwa, na aliyeshika brashi alimwomba Katekista ashike ngazi, akashika. Kila mtu mwenye mdomo alimwuliza njiani, "Katekista, bado uko?" Hawakuwa na ubaya. Ni kwamba walikuwa wamekwisha muaga, wamempa koti, wamekula keki, na mtu uliyekwisha kumuaga ukikutana naye sokoni ananunua nyanya hujui umwambie nini. Alijibu vilevile miaka yote: "Bado niko." Mvua kubwa ikinyesha alivaa lile koti la manyoya kwenda dukani.

Mimi kwenye bomba la maji nilisikia msichana wa kwaya akimwambia mwenzake, bila kupunguza sauti, kwamba huyo mama ndiye alimzuia mtumishi. Nilijaza ndoo yangu, nikajitwika, nikaenda. Kila Jumamosi nilimpelekea samaki, mzima, si mgongo wazi. Alipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa Kijaluo, "Ero kamano, Min Omondi." Wengine waliacha kuniita mama yake Omondi baada ya mazishi, wakaniita kwa jina la mwanangu anayefuata, wakidhani wananihurumia. Yeye peke yake hakuacha.

Kitu kimoja hakikubadilika. Mtu akizama, katekista mpya alikuja na kitabu, akaombea, akaenda kuandaa mahubiri. Yule wa zamani alikuja peku, akakaa. Nilimhesabia watu wengi kwa miaka ile. Wakati mwingine nilikaa naye, nikawaambia wale akina mama kwamba mimi pia nilikaa hapa, jiwe hili hili. Yule wa Sondu alimtumia picha kwenye simu, kanisa la nyasi, watoto wengi, yeye katikati amenenepa. Katekista alinionyesha. Nilimtazama usoni nikitafuta majuto ili nijue ukubwa wa deni la moyo wangu. Sikuweza kusoma kitu.

Mwaka huu, mvua za masika, miguu yake ilivimba, moyo ukawa hausukumi damu. Hospitali ilimrudisha nyumbani. Binti yake anafanya kazi mjini, kwa hiyo mchana tulipeana zamu, na zamu yangu ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo nilimkuta ameegemezwa kwenye mito, amebaki mifupa, macho makubwa. Nilikuwa na uji wa wimbi kwenye kikombe, nampa kwa kijiko, polepole, kwa sababu alikuwa anapaliwa. Nilijua ni moja ya siku za mwisho. Mimi si mtu wa kuzunguka maneno. Nikaona nikinyamaza atakwenda na jibu lake.

"Katekista, kuna jambo nimelibeba."

"Lilete, Min Omondi."

"Siku ile gari ilipokuja. Nilikushika mkono. Nisingekushika ungeenda, ungefanya ile kazi uliyoitiwa. Nataka unisamehe kabla hujaenda, na kama huwezi, niambie huwezi."

Alifunga macho nikadhani amelala. Bati lilikuwa linadondoka maji nje.

"Hukunishika sana," akasema.

Nikamwambia sielewi.

"Mkono wako ulikuwa mwepesi. Hukuwa umekula siku nne. Mtoto angejitoa." Akapumzika, akavuta pumzi. "Niliogopa, Min Omondi. Tangu ile siku mliyopiga makofi. Mahali pasipo kuku wangu, pasipo kaburi la mama watoto, nife huko nifukiwe na watu wasiojua nanenaje. Nilihubiri Enendeni kwa sababu nilijua mimi siendi. Niliwaza wengine wataenda kwa niaba yangu. Mliponigeuzia hiyo neno sikupata pa kupita. Nikamwomba Mungu anitafutie sababu. Ndogo tu. Mguu uvunjike."

Nilishikilia kile kikombe. Nikamwambia, "Halafu Omondi akazama."

"Halafu Omondi akazama. Na nilikulilia, hiyo si uongo. Nilikaa na wewe kwa haki. Mpaka Jumatatu. Jumatatu nilipoona gari inateremka nilisimama nikaomba. Uliniona?"

Nilimwona. Nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu sehemu hiyo kwa kuwa niliona ni ndogo. Alisimama mbele ya maji, akafumba macho, midomo ikicheza bila sauti, na mimi pale chini, bila kusikia neno, nikaitikia amina.

"Nilikuona," nikasema. "Niliitikia."

"Niliomba asipatikane bado," akasema. "Akipatikana leo, nimekosa sababu. Niliomba akae siku moja."

Hakulia. Machozi yalikuwa yamemwishia kabla ya mimi kufika, nadhani, miaka mingi kabla. Alinitazama moja kwa moja, jambo ambalo alikuwa halifanyi tangu siku ya mkutano ule, akaacha macho yake kwangu, akangoja.

Nilitaka kuinuka. Nawaambia kweli, nilitaka kuweka kikombe chini, nichukue shuka yangu, nitoke niwaambie wale wa kwaya, na wa bomba, na Baba Askofu. Najua maji hayakai yakisikiliza maombi ya mtu mwoga. Ni gugu lililomshika mwanangu na ni upepo uliomwachilia. Hilo nalijua. Lakini nililiona lile shamba la kijani na maua yake, na mtoto wangu chini, usiku ule mmoja wa nyongeza, na amina yangu juu yake. Na nikamwona huyu pia, peku, na wote wale aliokaa nao baadaye, kila mwaka, mama baada ya mama, na hakuna aliyemtuma.

Hakuniomba nimsamehe. Kama angeniomba ningemkatalia, najijua.

Nilitazama kikombe. Kilikuwa kimebaki nusu, na uji ukipoa unafanya utando juu, na yeye utando alikuwa haupendi. Nikakoroga mpaka ukaisha.

"Fungua mdomo," nikamwambia.

Akafungua.